Shughuli ya Kukiaga Kikumbushi

Mdogo wangu Wagiran ana jina moja tu. Baba alimpa hilo akaona linatosha, na lilitosha mpaka zilipokuja kompyuta. Kompyuta ikimwuliza jina la kwanza anaandika Wagiran. Ikimwuliza la ukoo inagoma kuendelea mpaka ajaze, basi naye anajaza Wagiran tena. Ndiyo maana kuna watu Hanoi, Baguio na Chiang Mai wanaomjua kwa jina la Wagiran Wagiran, na wakitaka kumtania wanamwita Mara Mbili. Hapa mtaani kwetu Tingkir majirani hawana habari kwamba yupo mtu ng'ambo anayemtania. Kwao ni yule mzee mwembamba wa msuli wa bluu, anayefuga njiwa, anayevuta sigara za karafuu nusu nusu na nusu nyingine akaibandika nyuma ya sikio.

Mimi ndiye niliyemlea. Nilisoma mpaka darasa la sita, na ningeendelea kama mama asingefariki akaniachia mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye yeye. Simdai. Amenilipa kwa kunieleza mambo yake yote. Kila neno analotaka kuwaandikia wenzake hunijia nalo jikoni kwanza, nikiwa nakaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, akasema nikilielewa mimi basi wale nao watalielewa. Siku moja nilimwuliza kama hiyo ni sifa au tusi.

"Yote mawili, Yu," akasema. Yu, yaani dada, ndivyo anavyoniita tangu aanze kusema.

Maisha yake yote alikuwa fundi wa chumba cha kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini kwetu Salatiga: kubeba mashine, kupangusa vumbi, kuunganisha nyaya, kuwatoa wanafunzi wakati wa kufunga. Humo ndimo alimoukuta mfumo endeshi wao. Mfumo endeshi ndio programu mama, ile inayoiamsha mashine na kuzipokea programu nyingine zote. Huo wao hauuzwi na hauna tajiri. Unatunzwa na watu waliojitolea, waliotawanyika kila nchi, kila mmoja na pembe yake. Wanauita kwa herufi ambazo ulimi wangu haujawahi kuzikubali, kwa hiyo mimi nauita Mfumo, na Wagiran ameshanizoea.

Pembe ya Wagiran ilikuwa programu ya zamani ya kutunza matoleo. Nayo niliipa jina, Kikumbushi. Ukiwa na faili yako ukaibadilisha, Kikumbushi kinaweka kumbukumbu ya jinsi ilivyokuwa kabla, nani kaibadilisha na kwa sababu gani. Ukitaka kuigusa tena unaichukua kwa kufuli. Ikiwa mikononi mwako, mwingine anasubiri mpaka uirudishe. Wagiran alikipenda kwa hilo la kufuli. Alisema ni programu yenye adabu, haimruhusu mtu kuanza kusema kabla mwenzake hajamaliza. Vitu vyake vyote alivitia humo. Hata mchuzi wangu wa karanga aliuandika, na kila nilipobadilisha kipimo alinisumbua nimwambie kwa nini, akaandika: Yu anasema pilipili za safari hii hazina ukali.

Lakini dunia nzima ilishahamia kwenye programu mpya za kazi hiyo, ambazo watu wengi wanaigusa faili moja kwa wakati mmoja kisha kazi zao zikaunganishwa. Hata chama chao chenyewe kilihama zamani. Kikumbushi kikabaki katika kapu la msingi, yaani vile vitu ambavyo kila anayeuweka Mfumo kwenye mashine anapewa, atake asitake. Vitu vingine vyote viko stoo, anayekihitaji anakichukua. Katika kapu hilo Kikumbushi kilikaa kama babu sebuleni. Hakuna aliyekiuliza kitu, na Wagiran alikipiga msasa kila mwaka, akakabidhi kazi yake, akafurahi.

Huko kukabidhi ndiko kuliko na jambo. Kila mwanachama ana ufunguo wa kuingiza kazi yake mwenyewe bila kumwomba mtu. Asipokabidhi kitu mwaka mzima, ufunguo unachukuliwa. Hawafanyi kwa ubaya. Wanamwandikia barua nzuri ya shukrani, jina lake linahamia kwa wastaafu, na wote wanamtakia afya njema. Wagiran ameona wengi wakiandikiwa. Alikuwa akinisomea barua hizo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

Basi mwaka jana, mvua zilipoanza, aliandika Ligaya. Huyu ni binti wa Baguio, fundi hodari, mama wa mapacha, na ndiye aliyekuwa akisafisha kapu la msingi. Alisema Kikumbushi kitoke. Maneno yake hayakuwa na ubaya wowote. Alisema kila kilichomo kapuni kinawabebesha mzigo wote, na kikitoboka kimoja, kila mashine duniani imetoboka. Kwa desturi yao, kitu chenye mtunzaji hakiguswi bila ridhaa ya mtunzaji, na akiridhia, yeye mwenyewe ndiye anayekitoa. Kwa hiyo watu wote wakawa wanamngoja Wagiran.

Wagiran akashika nyundo. Akatengeneza upya vizimba vya njiwa ambavyo havikuwa na kasoro. Akapaka rangi lango. Jirani yetu Paidi, anayeuza tangawizi ya moto kwa mkokoteni, ambaye hupita kwetu kila asubuhi kuhakikisha tempe yangu imeiva, aliona jamaa hayuko sawa akaanza kumchokoza.

"Hivi hao wenzako wa kwenye kompyuta," akasema, "wana miguu?"

"Wana miguu."

"Umeiona?"

"Paidi, kula."

"Nauliza tu, kaka. Mimi rafiki yangu nikimwita anaitika. Wako mpaka kwanza uwashe umeme."

Siku nyingine Wagiran angemrudishia, maana wawili hao wanataniana tangu wakiwa na makamasi. Siku ile aliinuka akaingia ndani. Paidi akanitazama, akarudisha kipande cha tempe sahanini. Sijawahi kumwona Paidi akirudisha chakula.

Nilimfuata. Nikamkuta amekaa mbele ya mashine iliyozimwa.

"Dik, mdogo wangu, yule binti umemjibu?"

"Bado. Nafikiri."

"Unafikiri tangu mvua ya kwanza, na sasa tunaelekea kuvuna."

Akaitoa ile nusu ya sigara nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha. "Nikikitoa, Yu, mle ndani sina kingine. Mwaka utapita sijakabidhi kitu, watachukua ufunguo. Wataniandikia barua nzuri. Mimi sitaki kushukuriwa."

"Basi kataa. Si ulisema hawagusi bila ridhaa yako?"

"Hawagusi. Wananingoja kwa heshima, na mimi najua binti ana haki. Hilo ndilo linaloniuma."

Nikaenda kumtengenezea chai. Nilijua anaposema hana kingine mle ndani anamaanisha nini. Chuo kilishamstaafisha. Hakuoa. Alikuwa na mimi, njiwa, Paidi, na wale watu, na katika wote hao ni wale watu tu waliowahi kumwuliza anaonaje kuhusu jambo lolote.

Mwisho Ligaya akaomba wazungumze kwa sauti kupitia mashine. Nilikuwepo, nikimenya vitunguu. Kiingereza sikijui, lakini sauti ya mtu mwenye adabu naijua kwa lugha yoyote. Baadaye Wagiran alinitafsiria. Binti alimwita Kuya, ndivyo kwao wanavyomwita kaka mkubwa, akamwambia, "Kuya, ukisema hapana, leo hii naufunga mjadala na sitaufungua tena. Nakuomba uniambie kitu kimoja tu. Nani atakitunza baada yako?"

Wagiran alimwambia atamjibu. Kesho yake, njiwa hawajapewa hata mtama, alikuwa ameshaanza kazi ya kukihamisha.

Aliifanya kama mtu anayemfungia mzazi mizigo. Kwanza akakiandalia Kikumbushi mahali pake stoo, ili anayekitaka akikute. Mtu wa kwanza kukichukua stoo akawa yeye mwenyewe, akakiweka kwenye mashine yake, maana alisema hawezi kulala hata siku moja bila Kikumbushi ndani ya nyumba. Hapo ndipo alipokitoa kapuni, faili kwa faili. Akaijaribu mashine yake kwa kila namna, akaizima na kuiwasha, akaipandisha toleo kutoka la zamani kwenda jipya. Haikukohoa. Akabakiza kubonyeza tu, kazi iingie kwa wote.

Hapo nikamzuia. Nilimwambia kwetu haondoki mtu nyumbani bila wali. Akacheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze, akasema hicho si mtu. Nikamwambia nimeishi nacho miaka mingi kuliko nilivyoishi na mume wangu, Mungu amrehemu, na kimenisumbua kidogo zaidi. Nikapika wali wa manjano nikausimamisha kama mlima, nikachinja kuku, nikatengeneza uji mwekundu na uji mweupe, nikawaita majirani baada ya alasiri. Mzee Sodikun, anayetuombea dua mtaani na tunayemwita Mbah, yaani babu, akakaa penye nafasi yake, akauliza shughuli ni ya nini.

"Ni ya Kikumbushi," Wagiran akasema, macho chini.

"Marehemu alikuwa nani wako?"

"Hajafariki, Mbah. Kinahama."

"Kinahama kutoka wapi?"

"Kutoka kapu la msingi. Kinakwenda stoo."

Watu wakaanza kutazamana. Paidi alikuwa ameuma midomo mpaka machozi yanamtoka. Mzee Sodikun akafikiri kwa utulivu, kisha akasema, "Kuhama kuna dua yake." Akaomba mwenye kuhama afike salama, na wanaobaki wasipungukiwe kitu kwa kuondoka kwake. Tukaitikia amina, tukala. Paidi alimwuliza Wagiran kama kitu hicho kina mpango wa kuhama tena hivi karibuni, maana kuku amekubali.

Wageni walipotoka Wagiran akaenda kubonyeza. Akarudi akakaa kizingitini karibu nami, akasema, "Tayari." Nikamwuliza kama kukitoa nako ni kukabidhi kazi. Akafikiri, akasema naam, ni kazi kama nyingine. "Basi umejipa mwaka mzima," nikamwambia. Akatabasamu, lakini nilimwona akianza kuuhesabu mwaka huo moyoni, kama mtu aliyepewa tarehe ya kuhama nyumba ya kupanga.

Hazikupita siku nyingi lawama zikaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa mtu wa Chiang Mai, mashine yake imegoma kumaliza kupanda toleo. Wa pili Hanoi. Kisha wakaja wengi, wengine Wagiran hajawahi hata kuyasikia majina yao. Kila mmoja alisema hayo hayo: msaidizi wa kupandisha toleo anafika katikati anaanguka.

Niliuliza huyo msaidizi ni nani. Wagiran akanieleza. Mashine ikipanda toleo, kuna faili ambazo mwenyewe amezibadilisha apendavyo, na hataki zifutwe. Msaidizi anaichukua faili ya asili ya zamani, ya asili mpya, na hiyo ya mwenyewe, anazisuka tatu zikawa moja. Lakini Wagiran hakuona tatizo lolote. Kwake msaidizi anasuka vizuri kabisa. Alijaribu tena mbele yangu, mashine ikapanda toleo bila kusita. Akawaandikia wenzake kwamba kwake hakuna kasoro, pengine wametangulia kuharibu kitu wenyewe.

Ligaya ndiye aliyeuliza swali. Aliandika mstari mmoja tu: Kuya, kwenye mashine yako Kikumbushi kipo?

Wagiran akaandika: Kipo, nilikichukua stoo. Kisha akaacha kuandika. Nikamwona ameweka viganja vyote viwili kichwani.

Kumbe ile kazi ya kusuka, msaidizi hakuwahi kuifanya mwenyewe hata siku moja. Alikuwa akiita programu nyingine ndogo, ndugu wa Kikumbushi, waliokaa kifurushi kimoja. Wagiran alipomhamisha mkubwa, akamhamisha na mdogo. Kwenye mashine za watu msaidizi aliita, hakuitikiwa. Kwenye mashine ya Wagiran aliitikiwa kila alipoita, kwa sababu huyu bwana hakuweza kuachana na kitu chake.

"Yu," akaniambia, "nimeipima nyumba isiyo na Kikumbushi huku Kikumbushi nimekificha mfukoni."

Siku ile hakula. Alikaa na njiwa wake. Nilipomfuata, akanieleza kwamba ameshaandika barua ya kuurudisha ufunguo mwenyewe, ni afadhali kuliko kungoja mwaka uishe kwa aibu. Nikamwuliza kama ameituma. Akasema hapana, kwanza atengeneze alichoharibu, maana hawezi kuwaaga watu huku mlango wao ameuvunja. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba nilimlea hivyo.

Akatengeneza. Alimfundisha msaidizi kusuka kwa kutumia programu nyingine iliyobaki kapuni, na safari hii alikitoa kwanza Kikumbushi kwenye mashine yake. Nilimwona akikitoa. Akawasha sigara nzima. Akajaribu, ikaanguka. Akarekebisha, ikaanguka tena, akarekebisha, ikapanda. Alipokuwa anaandika maelezo ya kazi hiyo ili aikabidhi, akasita kwenye mstari wa mwisho, akaniuliza kama amewahi kunieleza kuhusu kofia ya ncha.

Hakuwahi. Ni desturi yao: aliyeharibu kazi ya wote, chini ya matengenezo kunaandikwa kwamba kofia ya ncha anavaa fulani, kama zile za karatasi walizovalishwa watoto watundu darasani. Inabaki imeandikwa humo daima. Akaandika jina lake mwenyewe.

"Umewahi kuivaa?" nikamwuliza.

"Sijawahi, Yu. Miaka yote hii sikuwahi kugusa kitu ambacho mtu anakitumia."

Akabonyeza, akafungua ile barua ya kuaga, ili aitume. Kabla hajaituma yakaanza kuingia majibu ya wenzake.

Yule wa Chiang Mai alisema mashine iliyogoma ilikuwa ya duka la mama mkwe wake, na sasa mama mkwe, ambaye hajawahi kulishika jina la mkwe wake mwenyewe, ameshalishika la Wagiran. Wa Hanoi aliuliza vipimo vya kichwa, kofia ishonwe ya hariri. Mmoja, mzee mwenzake, ambaye ameivaa mara nyingi kuliko wote, alimkaribisha kwenye baraza la waharibifu, akasema walikuwa wanaanza kumwogopa kwa usafi wake. Wagiran alinitafsiria moja baada ya jingine, na kila moja alilisoma polepole zaidi, kama mtu anayekula kitu asichotaka kiishe. Nilimwambia wanamcheka. Akasema, "Naona," na uso wake ulikuwa umekunjuka wote.

La Ligaya lilikuja mwisho. Aliandika hivi: "Kuya, mgeni akiharibu kitu kwetu tunampa pole na kumsindikiza. Kofia tunavishana wenyewe kwa wenyewe. Halafu kuna jambo. Huyu msaidizi wa kupandisha toleo hana mtunzaji tangu wa kwanza alipostaafu, na kwa kumvunja umemjua kuliko sisi sote. Malalamiko yake yamejaa. Utamchukua?"

Nilimtazama. Nilitegemea atasema atafikiri. Aliifunga ile barua ya kuaga bila kuituma, kisha akaifuta, akamjibu Ligaya kwa maneno machache mno hata sikuhitaji tafsiri.

Nikaenda jikoni. Nilipakua wali na mchuzi wa karanga, nikaweka na tempe mbili ambazo nilizificha Paidi asizione, nikamwita aje ale maana hajaweka kitu tumboni tangu jana. Akanijibu kutoka chumbani bila kugeuza kichwa.

"Funika tu, Yu. Kuna watu wananingoja."

Nikafunika.